MFEREJI MMOJA, DAFTARI MOJA: Kwa nini vipimo vya maji viwe wazi kwa wote

Wengi wenu mnaosoma hapa ni vijana mlioingia kwenye kilimo cha biashara: nyanya, vitunguu, hoho, tikiti, mahindi mabichi, mpunga. Mmewekeza kwenye mbegu chotara, pampu na mipira ya matone, na wengine mmefanya hivyo kwa mkopo. Maswali yanayokuja mara nyingi ni ya dawa, mbolea na soko. Leo tuongelee kitu ambacho kikikwama, hayo mengine yote hayana maana. Ni maji, na hasa taarifa za maji.

Hoja ya leo ni moja tu. Hakuna mkulima anayeweza kujua peke yake kama maji ya msimu yatatosha. Jibu la swali hilo limegawanyika vipande, na kila mtu kwenye mfereji ana kipande chake. Mpaka vipande hivyo viwekwe pamoja mahali ambapo kila mmoja anaviona, mnalima kwa kubahatisha, hata kama una pampu mpya na mbegu ya bei mbaya.

TATIZO LINAANZIA WAPI

Tuchukue skimu ya kawaida ya umwagiliaji. Kuna banio mtoni, mfereji mkuu, halafu matawi. Mgawa maji anajua geti gani linafunguliwa saa ngapi. Mwenye shamba la juu anajua kina cha maji kinavyokuwa asubuhi na jioni. Wa mwisho wa mfereji anazijua siku ambazo maji hayakumfikia, maana siku hizo hazisahau. Wewe mwenye pampu unajua umewasha saa ngapi kwa sababu mafuta unanunua mwenyewe. Ofisi ya Bonde ina kibali kinachosema mmeruhusiwa kuchukua kiasi gani. Afisa ugani ana orodha ya ekari zilizolimwa na mazao yaliyopandwa.

Umeona hapo? Taarifa zote zipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka kwenye daftari moja.

Matokeo yake kila mtu anajihami. Kama huna uhakika na zamu ijayo, leo ukipata maji unafungulia mpaka shamba linageuka bwawa. Si kwamba mimea inayahitaji yote hayo, unaogopa tu kesho. Jirani anaona, na yeye anafanya hivyohivyo. Wa mwisho anakaa wiki mbili bila tone, halafu usiku anabeba jembe kwenda kufungua mwenyewe. Hapo ndipo mifereji inapobomolewa, kesi zinafika kwa mtendaji wa kijiji, na watu waliokua pamoja wanaacha kusalimiana.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maji nayo ni mali, tena mali ya wote. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji ya Tanzania Bara ni ya umma, yako chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Nchi imegawanywa kwenye mabonde 9, kila bonde na bodi yake, na anayechepusha maji ya mto kwa ajili ya kilimo cha biashara anatakiwa awe na kibali. Sheria hiyohiyo inazitambua jumuiya za watumia maji. Kwa hiyo kiasi cha maji unachovuta hakifanani na bei uliyouzia nyanya zako. Bei ni siri yako ya biashara. Maji uliyovuta yanamhusu kila aliye chini yako.

HESABU AMBAYO HUWEZI KUIPIGA PEKE YAKO

Tupige hesabu ya mfano, usiogope, ni ya kujumlisha na kugawanya tu.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye ekari moja ni sawa na lita 4,000 hivi. Zao lililokua na kufunika ardhi, kwenye jua la kiangazi, tuseme linatumia milimita 5 kwa siku. Kwa hiyo ekari moja inahitaji karibu lita 20,000 kwa siku.

Sasa mfereji. Tuseme mwezi Juni mnapima na kukuta unapitisha lita 60 kwa sekunde. Kwa siku nzima hizo ni lita 5,184,000. Mfereji ni wa udongo, unavuja na mengine yanamwagika njiani, tuseme nusu inapotea. Inayofika shambani ni lita 2,592,000. Gawa kwa 20,000. Unapata ekari 129 hivi.

Lakini mto hausubiri. Mwezi Septemba maji yanashuka hadi lita 40 kwa sekunde. Rudia hesabu ileile: yanatosha ekari 86.

Kama kwenye mfereji huo watu wamepanda ekari 150 mwezi Juni, basi mwezi Septemba, wakati vitunguu vinajaza na nyanya zinabeba, kuna ekari 64 ambazo maji yake hayapo. Hayapo kabisa. Hata mgawa maji awe malaika, hata mkeshe usiku kucha na tochi, hayatapatikana. Na shida hiyo haikuanza Septemba. Ilianza Juni, siku mlipopanda, kwa sababu kila mmoja alijua ekari zake mwenyewe na hakuna aliyejua jumla.

Tuseme sasa mlikuwa na jumla hiyo mezani tangu Juni. Mngekuwa na njia kadhaa. Mngekubaliana nusu wapande mapema na nusu wasogeze, ili mahitaji makubwa yasigongane. Wengine wangechagua zao la muda mfupi. Au mngeamua kuutengeneza mfereji kwanza. Mkipunguza upotevu kutoka nusu hadi theluthi moja, zile lita 40 kwa sekunde za Septemba zinatosha ekari 115 badala ya 86. Ekari 29 zimepatikana bila kuongeza tone mtoni. Lakini nani atakubali kutoa nguvu kazi au mchango kama haoni namba? Mtu akiona kwamba tope na nyufa zinakula ekari 29, unakuta anakuja na koleo lake mwenyewe.

RUAHA MKUU: JUMLA IKIKOSEKANA KWENYE MTO MZIMA

Hili la mfereji mmoja linatokea pia kwenye mto mzima. Mfano tunao hapahapa nchini. Mto Ruaha Mkuu unapata maji yake kutoka milima inayozunguka bonde la Usangu, unapita kwenye ardhioevu ya Ihefu, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, halafu unakwenda kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi.

Lawama zilikwenda kila upande. Wakulima wa mpunga walinyooshewa kidole, wafugaji wakanyooshewa kidole, na mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Ihefu. Mto uliendelea kukauka. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa nani mkosaji. Ninachotaka uone ni hiki: watu wanaotegemea mto mmoja wakiwa hawana vipimo wanavyoviamini wote, uamuzi unafanywa kwa lawama, na mwenye sauti ndogo ndiye anayeumia.

Kuna jambo la kuvutia lililofanyika kwenye bonde hilohilo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtafiti Bruce Lankford alitengeneza mchezo wa bonde la mto. Ni ubao mkubwa wa mbao uliolala kwa mteremko. Gololi zinamwagwa juu zishuke kama maji, na wachezaji wanaweka vijiti kuzikamata zielekee mashambani kwao. Wakulima wa juu na wa chini waliucheza pamoja. Wa juu akikinga gololi nyingi, wa chini anabaki mikono mitupu mbele ya macho ya wote. Halafu wanakaa kuzungumza wafanye nini.

Ule ubao haukuwa na kompyuta wala bando, lakini ulifanya kazi ambayo programu nzuri ya maji inatakiwa kuifanya: kumwonyesha kila mtu picha nzima, kwa wakati mmoja, kwa lugha asiyohitaji kutafsiriwa.

KIWERE: WAKULIMA WALIPOONA RANGI

Tukae mkoani Iringa. Kuanzia mwaka 2013 skimu za Kiwere na Magozi ziliingia kwenye mradi wa utafiti uliofadhiliwa na Australia, uliofanyika pia Msumbiji na Zimbabwe. Kwa hapa nchini Chuo Kikuu Ardhi kilishiriki. Kiwere wanalima mboga na mahindi, Magozi ni mpunga.

Wakulima walipewa kifaa kinachoitwa Chameleon, yaani kinyonga, kilichobuniwa na Richard Stirzaker na wenzake wa shirika la utafiti la CSIRO la Australia. Jina linatokana na rangi. Vihisio vinafukiwa kwenye udongo kwa vina tofauti, halafu unaunganisha kisomeo juu. Taa ya bluu maana yake udongo una maji mengi. Kijani, unyevu unatosha. Nyekundu, mizizi inahangaika kutafuta maji. Hakuna haja ya kusoma namba wala grafu. Usomaji unaweza kutumwa kwenye mtandao, na pale msimu mzima unaonekana kama kitambaa cha rangi tatu, ambacho mkulima, jirani na mtaalamu wanakitazama kwa pamoja.

Wengi walichokiona kiliwashangaza. Siku ya zamu ilifika, wamezoea kumwagilia, lakini taa ilikuwa bado bluu chini kwenye mizizi. Kulikuwa na kifaa kingine kinachokamata maji yanayozama, na maji hayo yakipimwa yanaonyesha naitrojeni. Maana yake maji ya ziada yalikuwa yanashuka na mbolea. Umenunua mfuko wa urea kwa hela yako, halafu unausukuma chini ambako mizizi haifiki.

Wakulima wakaanza kurefusha siku kati ya mmwagilio mmoja na mwingine. Muda wa kazi ukapungua, mavuno yakapanda, na maji yakabaki kwa ajili ya walio mwishoni mwa mfereji. Ugomvi wa maji ulipungua. Tena si waliofungiwa vifaa tu. Wasio na kifaa walitazama cha jirani, wakajifunza.

Hapa kuna jambo la kulishika. Kifaa peke yake kisingeleta hayo. Sambamba na vifaa, wakulima, viongozi, wafanyabiashara na maofisa wa serikali walikuwa na jukwaa la kukutana na kuamua. Kipimo kinakuonyesha hali, kuamua ni kazi ya watu. Kipimo kisipopelekwa kwenye kikao kinabaki kuwa pambo.

PROGRAMU HURIA NI NINI, NA WEWE INAKUHUSU NINI

Sasa tuje kwenye programu. Vijana wengi mkisikia ya bure mnafikiri ndiyo huria. Si lazima. Programu ya bure ni ile usiyolipia leo. Kesho mwenyewe anaweza kuweka bei au kuifunga. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuufungua, kukagua hesabu zinavyopigwa, kurekebisha kosa na kuendelea nayo hata aliyeianzisha akiondoka.

Kwa mkulima hii ina uzito kwa sababu mbili. Kwanza ni imani. Kama programu inasema shamba la juu limetumia maji mara mbili ya shamba la chini, wa juu atauliza, nani kapiga hesabu hiyo? Ikiwa hesabu iko wazi, mnaikagua pamoja. Pili ni uhai. Mfumo ukija na mradi, mradi ukiisha na leseni ikikatwa, data ya misimu mitano inabaki imefungiwa mahali msipoweza kufika.

Hizi hapa ni baadhi ya zilizopo sasa hivi:

1. KoboToolbox na ODK. Unatengeneza fomu ya maswali, mgawa maji anaijaza kwenye simu janja hata pasipo na mtandao, akipata bando inatuma. Kila mmwagilio una tarehe, saa na mahali.

2. QGIS pamoja na OpenStreetMap. Ya kwanza ni programu huria ya kuchora na kuchambua ramani. Ya pili ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wenyewe. Usidhani ni mambo ya Ulaya. Kuanzia mwaka 2015, kwenye kazi iliyoitwa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam walichora mitaro, barabara na nyumba kwenye kata zinazopata mafuriko, na data yake ikawekwa wazi. Kilichowezekana kwa mitaro ya Dar kinawezekana kwa mifereji yenu.

3. CROPWAT na AquaCrop za FAO. Zinakokotoa zao linahitaji maji kiasi gani kulingana na hali ya hewa, udongo na umri wa mmea. Hapo ndipo unaipata namba halisi ya kuweka badala ya ile milimita 5 niliyotumia kwenye mfano. Msimbo wa AquaCrop ulifunguliwa kwa umma mwaka 2022.

4. CHIRPS. Ni kumbukumbu ya mvua iliyokadiriwa kwa setilaiti na kuunganishwa na vipimo vya ardhini, kuanzia mwaka 1981. Ukiambiwa zamani mvua ilikuwa inaanza mwezi fulani, hapa unaweza kuangalia.

5. WaPOR ya FAO. Inaonyesha kwa setilaiti kiasi cha maji kinachotoka ardhini na kwenye mimea kwenda hewani, kila baada ya siku 10. Inasaidia kulinganisha eneo na eneo. Lakini angalia, kwenye picha ya kiwango cha chini kipande kimoja kinaweza kumeza mashamba kadhaa madogo, kwa hiyo usiitumie kumaliza ugomvi wa ekari moja na jirani.

6. EPANET. Hii ni ya wenye mabomba. Inakuonyesha shinikizo na mtiririko kwenye kila kona ya mtandao wa mabomba kabla hujanunua hata bomba moja. Ilitolewa mwaka 1993 na mamlaka ya mazingira ya serikali ya Marekani, na kwa kuwa msimbo wake uko wazi, wataalamu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali waliuendeleza. Kazi yao iliingia kwenye toleo la 2.2 la mwaka 2020. Fundi wa mji wowote anaweza kunufaika na kazi hiyo bila kulipa shilingi.

Huna haja ya kuzijua zote. Kwenye mfereji wenu anatosha kijana mmoja au wawili wenye kompyuta na moyo wa kujifunza. Waliobaki kazi yao ni kupima vizuri.

MUANZE VIPI: HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Pimeni mfereji. Tafuta sehemu iliyonyooka ya mita 10. Pima upana wa maji na kina chake. Tupa kitu kinachoelea, hata kijiti, uhesabu sekunde. Mfano: upana mita 0.75, kina mita 0.2, zidisha, unapata 0.15. Kijiti kimetumia sekunde 20, kwa hiyo mwendo ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.8 kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, unapata 0.4. Sasa 0.15 mara 0.4 ni 0.06, yaani lita 60 kwa sekunde. Rudia mara tatu, chukua wastani. Si kipimo cha maabara, ila ni bora mara mia kuliko "maji yapo kidogo."

Hatua ya 2: Simikeni rula karibu na banio. Mkishapima mara kadhaa, maji yakiwa mengi na yakiwa machache, mtajua sentimita fulani kwenye rula ni lita ngapi. Baada ya hapo kazi ya kila siku ni kusoma rula tu, saa ileile kila asubuhi.

Hatua ya 3: Wenye pampu mpime pampu. Chukua pipa la lita 200. Likijaa kwa sekunde 40, pampu inatoa lita 5 kwa sekunde, sawa na lita 18,000 kwa saa. Andika saa ulizowasha. Wenye visima, shusha kamba yenye uzito mara moja kwa wiki, kabla ya kuwasha pampu, uandike maji yako kina gani. Kisima kinachoshuka kila wiki kinakupa onyo mapema.

Hatua ya 4: Andikeni kwa mtindo mmoja. Tarehe, saa, mahali, kipimo, na aliyepima. Kipimo kiwe kimoja: lita kwa sekunde, ekari, milimita. Huyu akiandika ndoo, yule heka, yule masaa, hamtaweza kujumlisha.

Hatua ya 5: Wekeni nakala tatu. Daftari la karatasi, jedwali la pamoja kwenye simu, na ubao wa tangazo karibu na banio au ofisi ya kijiji. Huo ubao usiudharau. Mama anayelima robo ekari mwishoni mwa mfereji na hana simu janja ana haki ileile ya kujua. Data iliyo wazi kwa wenye bando tu haijawa wazi.

Hatua ya 6: Wapimaji wawe wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Wasome pamoja angalau mara moja kwa wiki. Na iwe mwiko kufuta kipimo cha zamani. Kama kuna kosa, andikeni sahihisho pembeni, la zamani libaki linasomeka.

Hatua ya 7: Kikao cha jumla kabla ya kupanda. Hapa ndipo hesabu ya ekari na lita inapigwa mbele ya wote, na makubaliano yanaandikwa. Bila kikao hiki, hatua sita za mwanzo ni bure.

HOFU ZA KWELI, TUZIJIBU

*"Nikionyesha ninavyovuta, si nitakamatwa?"* Kama unavuta bila kibali, hatari hiyo unayo tayari, na jirani zako wanajua. Njia salama ni kuomba kibali, wewe mwenyewe au kupitia jumuiya yenu. Kwa aliye ndani ya kibali, kumbukumbu ni ngao. Kiangazi kikibana na lawama zikaanza, mwenye pampu ndiye wa kwanza kutajwa. Ukiwa na daftari lililosomwa na watu wawili kila wiki, unaongea kwa ushahidi.

*"Washindani wataiba mbinu zangu."* Maji yawe wazi, biashara ibaki yako. Tenganisheni. Yanayowekwa wazi ni mtiririko wa mfereji, zamu, ekari kwa kila zao, na kiasi kilichovutwa. Yasiyowekwa ni bei, wateja, mikopo, namba za simu na vitambulisho. Kumbukeni nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwenye ramani tumieni namba za vipande badala ya majina kama wanachama wanapenda hivyo.

*"Namba zitatumika kutozana faini."* Hofu hii ina msingi. Watu wakijua kila kipimo ni faini, wataanza kudanganya, na data ya uongo ni mbaya kuliko kukosa data. Ushauri: msimu wa kwanza vipimo vitumike kupanga tu, bila adhabu. Sheria ndogo zije baadaye, zikiwa zimekubaliwa na wote.

*"Mimi nauza nje, haya ya wadogo yananihusu nini?"* Yanakuhusu. Cheti cha GlobalG.A.P. kinataka kumbukumbu za maji ya umwagiliaji. Lile daftari la mfereji ni sehemu ya karatasi ambazo mkaguzi ataziomba. Na soko la nje halikusaidii kitu kama geti limevunjwa usiku na maji hayafiki kwako.

KABLA HUJAPANDA

Ndugu mkulima, mkopo wako hausubiri mto ujae. Kitalu kikishaoteshwa na mbolea ikishanunuliwa, kugundua Septemba kwamba mko ekari 150 kwenye maji ya ekari 86 hakukusaidii tena. Swali hilo linatakiwa kujibiwa mapema, na anayelijibu ni mfereji mzima.

Kwa hiyo kabla ya msimu ujao, fanya jambo moja dogo. Nenda na kijiti, futi kamba na simu yenye saa, pima maji yanayopita mbele ya shamba lako. Andika, mpelekee mgawa maji na jirani wa chini, uwaombe na wao walete vya kwao. Vikishakuwa vitatu kwenye ukurasa mmoja, daftari limeanza.

Nakutakia msimu mwema.